Nibu Moja, Bei Mbili

Vitu vingi tunavyonunua siku hizi havifunguki. Simu imegandishwa kwa gundi, redio ina skrubu zinazotaka bisibisi ya pekee, na biki ikiisha wino safari yake ni ya jalalani. Kalamu ya wino imebaki kuwa kitu kinachofunguka kwa vidole vitupu, kila kipande chake kikaonekana, kikawekwa mezani kando ya kipande cha kalamu nyingine vikalinganishwa. Ndiyo maana, katika miaka yote niliyoandika kwa kalamu hizi, za bei ya chini na za bei ya juu, zimenifunza juu ya bei kuliko kitu kingine chochote ninachokitumia kila siku. Anayezifungua hachelewi kukutana na jambo linalowaudhi wengi: nibu, ile sehemu hasa inayoandika, mara nyingi ni moja kwa kalamu ya bei nafuu na kwa ndugu yake anayeuzwa mara tatu au mara tano ya bei hiyo. Wengi wakiligundua hilo husema wameibiwa. Mimi naona wamependelewa. Kalamu ninayoitilia shaka ni ile ambayo nibu yake haiingii kwenye kalamu nyingine yoyote duniani.

Mfano ulio wazi unatoka Japani. Kampuni ya Pilot, iliyoanzishwa mwaka 1918 kwa jina la Namiki, ilitoa mwaka 2013 kalamu ya watoto iitwayo Kakuno kwa bei ya yeni 1,000. Mwili wake ni wa plastiki wenye pande sita ili isibingirike mezani, kishikio kina pembe tatu laini za kuwaonyesha vidole mahali pa kukaa, haina kibanio cha mfukoni, na juu ya nibu imechapwa sura inayotabasamu: sura ikikutazama, mtoto ameishika sawasawa. Kampuni hiyohiyo inatengeneza kalamu yenye mwili wa shaba uliopakwa rangi, ambayo Marekani wanaiita Metropolitan, Ulaya MR, na nyumbani kwake Japani, ambako ilikuwa ikiuzwa kwa yeni 3,000, wanaiita Cocoon. Ipo pia Prera, fupi na nadhifu, yenye kifuniko kinachobana kwa mlio mdogo wa kupendeza. Nibu ya Kakuno inaingia kwenye Metropolitan bila ubishi wowote. Ya Prera vilevile, na ya Plumix, kalamu ya plastiki ya mwandiko wa mapambo, vilevile. Umbo ni moja na kipimo ni kimoja. Tofauti iliyopo ni kilichochapwa juu yake, na upana wa ncha kama umechagua ncha tofauti.

Shughuli yenyewe ni ya dakika moja. Unashika nibu pamoja na kipitisha wino kilicho chini yake, kile kijiti cheusi chenye mapezi, kati ya kidole gumba na kidole cha shahada; kipande cha mpira husaidia vidole visiteleze. Unavuta kwa kunyoosha, bila kupindisha. Vyote viwili hutoka kwenye kishikio kwa pamoja vikiwa vimelowa, na ukivitenganisha unaona jinsi kazi ilivyogawanywa. Nibu ni kibati chembamba kilichokunjwa mgongo, chenye ufa katikati ulionyooka hadi nchani, na nchani kabisa kuna chembe ya madini magumu iliyochomelewa, ndogo kiasi kwamba ukucha huigundua kabla ya jicho. Kipitisha wino kina mfereji mwembamba kama unywele unaoteremsha wino na njia ya kupandishia hewa inayoshika nafasi ya wino uliotoka. Mapezi yake hushika wino wa ziada usidondoke kwenye karatasi. Unarudisha vyote katika mkao wake, unasukuma mpaka vigote, unaandika. Herufi zinazotoka ni zilezile zilizokuwa zikitoka kwenye kalamu ya mtoto.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba mara kadhaa kalamu ya bei ya chini ndiyo yenye nibu ambayo ile ya bei ya juu haina. Metropolitan ilipoingia sokoni Marekani ilikuja na ncha ya kati tu, ya wastani. Aliyetaka ncha nyembamba sana alinunua Penmanship, kalamu nyepesi ya kujifunzia mwandiko, akachomoa nibu yake akaihamishia kwenye mwili wa shaba. Aliyetaka ncha bapa, inayotoa mstari mnene ukishuka na mwembamba ukienda kando, aliitoa kwenye Plumix. Hali ilikuwa hivyo pia kwa kampuni ya Platinum, jirani na mshindani wa Pilot. Preppy yao ni kalamu ya plastiki inayopitisha mwanga, ya bei iliyoanzia yeni 200. Plaisir ni ya alumini, na bei yake ilikuwa yeni 1,000. Nibu na kipitisha wino vyao vinabadilishana. Na ile ncha nyembamba kuliko zote, ya milimita 0.2, ilipatikana kwenye Preppy huku Plaisir ikibaki na 0.3 na 0.5. Mwenye Plaisir aliyependa mwandiko mdogo alikuwa akinunua Preppy kama dawa.

Hoja ya kwamba hapa kuna wizi inasimama juu ya dhana moja: kwamba bei ya kalamu ni bei ya kuandika. Tukikubali hilo, basi aliyelipa yeni 3,000 akapata mwandiko wa yeni 1,000 ana haki ya kulalamika. Lakini dhana hiyo haijawahi kuwa kweli, na vipande vyenyewe vinaikataa. Tazama Pilot wanavyopanga kalamu zao zenye nibu za dhahabu. Majina ya familia ya Custom yana hesabu ndani yake: Custom 74 ilitoka mwaka 1992, mwaka wa 74 wa kampuni, Custom Heritage 92 ilifuata mwaka 2010, mwaka wa 92. Zote mbili zina nibu ya dhahabu ya karati 14, ukubwa wa namba 5. Ya kwanza ilikuwa ya yeni 10,000 na inajazwa kwa katriji au kibomba kidogo cha kuchomeka. Ya pili ilikuwa ya yeni 15,000, na ndani ya mwili wake kuna pistoni inayofyonza wino moja kwa moja kutoka kwenye chupa. Mnunuzi akijua kwamba nibu ni moja, ile yeni 5,000 ya ziada inajieleza yenyewe: ni bei ya pistoni. Anaweza kusema pistoni haina thamani hiyo, au inayo. Asingeweza kusema lolote la maana kama kila kalamu ingekuwa na nibu yake ya kipekee, kwa sababu angekuwa anapima vitu viwili visivyojulikana kwa mpigo mmoja.

Na kuna sababu ya kiwandani ambayo walalamikaji huipita haraka. Nibu ndiyo kipande kigumu kuliko vyote kutengeneza katika kalamu. Ukanda wa chuma unabanwa uwe mwembamba, unakatwa umbo, unapigwa alama, unakunjwa mgongo. Chembe ya madini inachomelewa nchani, ufa unakatwa kwa gurudumu jembamba mno, kisha ncha inasagwa na kung'arishwa mpaka iteleze kwenye karatasi. Mashine za kazi hiyo ni ghali na ujuzi wake ni adimu. Ujerumani, nchi yenye historia ndefu ya kalamu, majina yanayouzia nibu viwanda vya wengine yanahesabika kwa vidole: Bock wa Heidelberg, JoWo wa Berlin, Schmidt wa St. Georgen. Kampuni inayotengeneza nibu moja kwa wingi mkubwa ina uwezo wa kuirekebisha mpaka ikamilike, na gharama ya ukamilifu huo ikagawanyika kwa kila kalamu inayoitumia. Mtoto mwenye Kakuno ananufaika na mtu mzima aliyenunua ya shaba, na mtu mzima ananufaika na maelfu ya watoto. Kalamu yenye nibu ya peke yake haina msaada huo; aliyeinunua amebeba gharama yote na wenzake wachache.

Pingamizi la kwanza ninalolisikia, na lenye nguvu, linahusu dhahabu. Nibu za chuma zinaweza kuwa moja, watu husema, lakini dhahabu ni kitu kingine, na dhahabu haishuki kwenye kalamu za bei ya chini. Hapa bahati imetuletea njia ya kupima. Lamy wa Heidelberg walitoa Safari mwaka 1980, kalamu ya plastiki ngumu iliyochorwa na Wolfgang Fabian kwa ajili ya wanafunzi. Nibu yake ya chuma haikukazwa ndani ya kishikio. Inapanda kwa kuteleza juu ya kipitisha wino, na unaitoa kwa kubandika kipande cha selotepu mgongoni mwake na kuvuta. Lamy wanatengeneza pia nibu ya dhahabu ya karati 14 inayopanda palepale. Inauzwa peke yake, kwa bei inayozidi Safari yenyewe mara kadhaa, na hakuna kinachomzuia mtu kuivalisha kwenye plastiki. Pelikan wa Hannover nao: nibu ya dhahabu ya kalamu yao M400 imejengwa katika kipande kinachofunguka kwa kuzungusha, na kipande hicho kinaingia kwenye M200, ambayo kwa kawaida huja na nibu ya chuma. Mwili mmoja, ujazo mmoja, karatasi moja, wino mmoja. Kinachobadilika ni metali tu.

Ukipima hivyo, dhahabu inashuka mpaka kwenye kimo chake halali. Kinachogusa karatasi ni ile chembe ngumu iliyochomelewa nchani, na chembe hiyo, mchanganyiko wa madini ya jamii ya platini na tungsteni, ipo kwenye nibu nzuri ya chuma kama ilivyo kwenye ya dhahabu. Ulaini wa kukanyaga, ule mnepo mdogo ambao wapenzi wa dhahabu huusifu, unategemea sana umbo na unene wa kibati. Zipo nibu za dhahabu ngumu kama msumari, na nibu za chuma za M200 zinajulikana kwa kunepa vizuri. Zamani dhahabu ilikuwa na kazi ambayo hakuna kingine kiliiweza: wino wa chumvi za chuma ulikuwa mkali na ulikula nibu za chuma cha kawaida. Chuma kisichoshika kutu, kilichoanza Sheffield kwa kazi ya Harry Brearley mwaka 1913, kiliiondolea dhahabu ukiritimba huo. Iliyobaki ni tofauti ya kweli lakini ndogo, na mtu anaweza kuilipia akipenda. Ninachosisitiza ni kwamba tumeweza kuijua kuwa ndogo kwa sababu Lamy na Pelikan waliacha vipuri vyao vibadilishane. Kampuni isiyoruhusu kipimo hicho inakuuzia dhahabu kwa imani.

Pingamizi la pili ni la wenye ujuzi zaidi. Wanasema nibu inaweza kuwa moja kwa umbo na isiwe moja kwa malezi: ya kalamu ghali hukaguliwa kwa darubini, ikanyooshwa na kusagwa na mkono wa fundi, wakati ya bei nafuu hutoka mashineni moja kwa moja hadi kwenye boksi. Mfano bora wa hoja hii ni Nakaya. Hawa ni watoto wa Platinum, na kalamu zao ni za eboniti, yaani mpira mgumu, iliyochongwa kwa mashine ya kukereza na kupakwa urushi, ule utomvu wa mti ambao Wajapani huupaka tabaka juu ya tabaka na kuusubiri ukauke kwa majuma na miezi. Nibu iliyomo ndani ni ile ya Platinum 3776, kalamu iliyopewa jina la kimo cha Mlima Fuji kwa mita. Bei ya Nakaya ni mara kadhaa ya bei ya 3776. Lakini mnunuzi wa Nakaya huulizwa anavyoandika: anashika kalamu kwa pembe gani, anakandamiza kiasi gani, mkono wake una kasi gani. Nibu hurekebishwa kumfuata yeye.

Hilo nalikubali lote, na linaipa nguvu hoja yangu. Kazi ya mkono wa fundi ni kitu halisi na kina bei yake. Nakaya wanaiuza waziwazi, pamoja na urushi, bila kudai kwamba wamebuni nibu mpya. Tatizo ni kwamba wauzaji wengi huitaja kazi hiyo wakati haikufanyika. Nibu ya kalamu ya bei kubwa inaweza kufika ikiwa na meno mawili yasiyolingana, moja limepanda juu ya mwenzake, ikikwaruza karatasi kama kucha. Na kwa uzoefu wangu bei ya boksi haitabiri lolote katika jambo hilo. Za bei ya chini kutoka Japani ndizo zilizonisumbua kidogo kuliko zote. Zaidi ya hayo, nibu inayobadilishika ikiwa mbovu dawa yake ni nyepesi: unaazima nyingine. Lenzi ya kukuzia na kipande chembamba cha bati la shaba cha kupitisha kwenye ufa vinatosha kurekebisha kasoro nyingi, na mkono unaojifunza kazi hiyo hujifunzia kwenye nibu ya kalamu ya mtoto. Hakuna mwenye akili anayeanza kujifunza kwenye nibu isiyo na mbadala.

Kuna pingamizi la tatu, la wale wanaosema kwamba kuandika hakufanywi na nibu peke yake. Ni kweli tupu. Metropolitan, kwa sababu ya shaba yake, ina uzito unaozidi wa Kakuno mara mbili hivi, na mahali kishikio kinapokutana na mwili ina ngazi ndogo ambayo vidole vingine huichukia. Mkono mzito hupenda kalamu nzito. Mkono unaochoka haraka huipenda plastiki. Kifuniko nacho kina neno lake, kwa sababu kalamu inayokauka wino usiku haina faida asubuhi hata kama nibu yake imetoka mbinguni. Lakini angalia mahali Platinum walipoweka kifuniko chao bora. Mwaka 2011, katika 3776 Century, walitia kifuniko cha ndani chenye springi kinachoziba hewa, na kampuni inasema wino hudumu ndani yake bila kukauka hadi miaka miwili. Ufundi wa jamii hiyohiyo umo ndani ya Preppy, na kwa hiyo kampuni inasema mwaka mmoja. Kalamu ya yeni mia kadhaa inahifadhi wino kuliko nyingine nyingi zinazouzwa kwenye makasha yaliyotandikwa mahameli. Kwa hiyo hata tukiondoka kwenye nibu tukaingia kwenye kifuniko, kushirikiana vipuri kunamfikia mnunuzi wa chini pia.

Mahali ninapokubaliana na walalamikaji ni kwingine kabisa. Zipo karakana nyingi, nyingine za mtu mmoja na mashine yake ya kukereza, zinazochonga miili ya kalamu kwa akriliki au eboniti na kuifunga nibu ya namba 6 kutoka JoWo au Bock. Kwa hao nibu ya kushirikiana ndiyo iliyofungua mlango. Fundi wa kukereza angelazimika kumiliki mashine za kukatia ufa, asingeanza kamwe. Wengi wao husema wazi nibu imetoka wapi, na ukimuuliza fundi anakuambia hata ukubwa wa uzi wa skrubu. Wasiofaa ni wale wanaochonga jina lao juu ya nibu ya kununua kisha wakaandika tangazo la kurasa mbili kuhusu urithi wa kuandika, wakimwacha msomaji aamini kwamba wao ndio waliochomelea ile chembe ya nchani. Kosa hapo halimo katika kununua nibu. Limo katika tangazo, na dawa yake ni mnunuzi anayejua kuvuta nibu na kuikagua.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura jambo hili lina uzito ambao mwenzake wa Tokyo haujui. Anayenunua gari kwetu haulizi kwanza mwendo wake. Anauliza vipuri vinapatikana wapi na kwa bei gani, na ndiyo maana barabara zimejaa Toyota. Kalamu ya wino inaagizwa kutoka nje, inalipiwa usafiri na pengine ushuru, na ikianguka kwa ncha juu ya sakafu ya saruji nibu inajikunja papo hapo. Fundi wa kalamu ni vigumu kumpata. Mwenye kalamu yenye nibu ya peke yake analazimika kuirudisha ilikotoka, alipe tena usafiri wa kwenda na kurudi. Mwenye Plaisir aliyeagiza Preppy mbili katika mzigo uleule ana nibu mbili za akiba, vipitisha wino viwili, na juu yake kalamu mbili za kumwazima mtu asiyerudisha kalamu. Hesabu hiyo haimo kwenye mapitio ya wapenzi wa kalamu wa nchi tajiri, kwa sababu huko duka liko mtaa wa pili. Kwetu ndiyo hesabu ya kwanza. Kubadilishana vipuri kuna mipaka yake, na ni vizuri kuijua kabla ya kuagiza: MR ya Ulaya hutumia katriji fupi za kimataifa wakati dada yake Metropolitan hutumia katriji za Pilot pekee, nibu za namba 6 za JoWo na Bock zinakaribiana kwa umbo, lakini vikombe vyao vya skrubu vinavyoshika nibu havina uzi mmoja, na kipitisha wino cha mmoja hakimwenei mwingine.

Uchina imelichukua wazo hili la nibu zinazobadilishana mbali zaidi, na hapo pana ugumu. Jinhao wa Shanghai wanauza kalamu kubwa za bei ya chini sana zenye nibu ya namba 6, na ni desturi ya watumiaji kuitoa na kuweka ya Ujerumani. Wing Sung 698 ni kalamu ya pistoni, inayopitisha mwanga, na nibu za Pilot za familia ya Kakuno zinaiingia. Hakuna mkataba uliowekwa saini hapo; kipimo kimenakiliwa tu. Kunakili sura nzima ya kalamu ya mwenzako, kama ilivyofanyiwa Safari ya Lamy mara kadhaa, naona ni uvivu, na mnunuzi anayejiheshimu ataiepuka. Lakini kipimo cha tundu linalopokea nibu ni kitu kingine. Kalamu ya pistoni ya bei ndogo inayopokea nibu ya Kakuno haimdanganyi mtu yeyote, na Pilot mwenyewe anauza nibu nyingine kwa sababu yake, maana njia ya kawaida ya kuipata nibu hiyo ni kununua Kakuno nzima.

Mpangilio huu wa nibu zinazobadilishana haukuanza jana. Esterbrook wa Camden, New Jersey, kampuni iliyoanza mwaka 1858 kwa kutengeneza nibu za kuchovya, ilianza katika miaka ya 1930 kuuza kalamu za wino ambazo nibu na kipitisha wino vyake vilikuwa kipande kimoja chenye skrubu. Mnunuzi aliingia dukani, akachagua rangi ya mwili, akachagua namba ya nibu, muuzaji akavizungusha pamoja papo hapo. Tarakimu tatu za mwisho zilionyesha aina ya mwandiko, na tarakimu ya kwanza ilionyesha daraja: 2668 na 9668 zote zilikuwa ncha ngumu ya kati, 1550 na 9550 zote zilikuwa ncha nyembamba ya watunza vitabu vya hesabu. Zile za 1000 na 2000 zilikuwa na ncha ya chuma kilichokunjwa, za bei ya chini. Za 9000 zilikuwa na chembe ngumu iliyochomelewa, za bei ya juu. Esterbrook, kwa maneno mengine, waliufanya mwili uwe mmoja na bei wakaiweka kwenye nibu, kinyume kabisa cha Pilot na Platinum wa leo.

Ni ipi njia bora kati ya hizi mbili? Kwa anayeandika sana, ya Esterbrook ina mantiki zaidi: fedha inakwenda kwenye chembe inayosuguana na karatasi, na ncha ikichakaa unabadilisha kipande kimoja tu. Kwa sasa, ambapo hata Preppy ina ncha iliyochomelewa na iliyo nyororo, hakuna mwandiko mbaya wa kutosha wa kuuzia watu wa chini, na watengenezaji hawana pa kuweka bei isipokuwa kwenye mwili. Silalamiki. Ninachowaonea wivu wanunuzi wa Esterbrook ni ile namba. Iliandikwa kwenye nibu yenyewe, na mtu aliyeisoma alijua analipia nini na nini kinabadilishana na nini. Lamy wanaendeleza desturi hiyo kwa sehemu, kwa kuipa nibu yao ya kawaida alama ya Z50 na kuitaja katika orodha zao, hivyo mwenye Safari anaweza kuona mapema kwamba nibu yake itapanda kwenye Studio, ambayo mwili wake ni wa metali na bei yake imepanda mara kadhaa. Wengine wengi huandika upana wa ncha tu, F au M, na kunyamaza, na mnunuzi analazimika kuuliza waliomtangulia au kuvuta nibu mwenyewe aone.